Choo Cheupe, Ini la Baba

Tuanze na kinyesi. Najua si mahali pazuri pa kuanzia, lakini ugonjwa huu wa ini wa watoto wachanga hujitangaza hapo kabla ya pengine popote, nami naandika kwa ajili ya mzazi ambaye usiku huu amempakata mtoto wa mwezi mmoja mwenye macho ya manjano.

Choo cha mtoto anayenyonya huwa cha njano, wakati mwingine kijani, wakati mwingine kahawia. Cha binti yetu kilikuwa na rangi ya chaki iliyolowa maji. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, chaki naijua vizuri. Mkojo nao ulikuwa mzito wa rangi, unaacha doa kwenye nepi za kitambaa hata ukizianika juani siku nzima, wakati mkojo wa mtoto mchanga kwa kawaida hauna rangi ya kutajika. Macho yalikuwa manjano tangu wiki ya kwanza na hayakubadilika.

Kwetu mtoto akiwa na manjano, jibu liko tayari: mtoe nje aote jua la asubuhi. Bibi yake alisema hivyo, jirani akasema, na kliniki tulikompeleka chanjo wakasema vilevile, wakaongeza kwamba mama anyonyeshe sana. Kwa watoto wengi ushauri huo unaonekana umefaa, kwa kuwa manjano ya siku za mwanzo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, na jua ndilo linalopewa sifa. Sisi tukaota jua. Mke wangu alikuwa akikaa naye barazani kila asubuhi mpaka mtoto akawa mweusi kunizidi, na macho yakabaki vilevile.

Kuna manjano ya namna mbili, na laiti mtu angetuambia hilo wiki ya tatu. Zote mbili zinatokana na bilirubini, takataka ya njano inayobaki chembe za damu zinapochakaa. Katika manjano ya kawaida, ini la mtoto bado changa, halijaweza kuishughulikia bilirubini hiyo. Katika manjano ya pili ini limefanya kazi yake, limeichanganya kwenye nyongo, ila nyongo yenyewe haina njia ya kutokea. Hii ya pili haijali jua. Maabara wanaipima kwa jina la bilirubini dairekti, ni kipimo cha damu cha kawaida kabisa, na kanuni ya madaktari wa watoto ni kwamba mtoto akivuka wiki mbili bado ana manjano, apimwe. Mwambieni anayewahudumia atenganishe majibu. Jumla ya bilirubini peke yake haitoshi.

Aliyetushtua alikuwa afisa tabibu kijana kwenye kituo kingine kabisa, tulikokwenda kwa sababu ya mafua. Hakumsikiliza kifua kwanza. Alimtazama macho, akasema, "Mama, naomba nione nepi aliyovua leo." Akaitazama, akakaa kimya, akaanza kuandika rufaa ya Dar. Mafua hayakuzungumzwa tena.

Ugonjwa unaitwa biliari atresia. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini kuipeleka kwenye utumbo imeziba kwa makovu au haipo kabisa. Nyongo inarudi nyuma, inaliunguza ini lenyewe, na ini linajaa makovu mwezi hadi mwezi. Choo ni cheupe kwa sababu rangi ya choo hutoka kwenye nyongo, na nyongo haifiki. Mkojo ni mzito kwa sababu bilirubini iliyokosa njia huko inatafuta njia ya figo. Chanzo chake hasa bado wanasayansi wanabishana, lakini daktari wa Dar alimgeukia mke wangu kabla hata hajaulizwa, akamwambia hakuna alichokula, hakuna alichobeba, hakuna aliyemwangalia vibaya. Nadhani alikwishaona akina mama wengi wakiulizwa maswali na wakwe zao.

Ni ugonjwa adimu. Ulaya humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 hivi. Taiwan ni wengi zaidi, kama mmoja katika 5,000 au 6,000, na huenda ndiyo maana wao walikuja na jambo ambalo bado linanitia wivu. Mwaka 2004 waliweka kwenye kijitabu cha mtoto, nchi nzima, kadi yenye picha za rangi za kinyesi: hizi sawa, hizi si sawa, ukiona hizi piga simu. Japani ikafuata mwaka 2012. Karatasi tu. Haihitaji umeme, haihitaji mtaalamu, haiharibiki mvua ikikatiza barabara. Kadi yetu ya kliniki ina chati ya uzito na orodha ya chanjo, na nafasi ya picha sita za rangi ingepatikana bila kubana chochote.

Haraka hiyo yote ina sababu. Kuna upasuaji uliobuniwa na daktari wa Kijapani, Morio Kasai, huko Sendai mwaka 1955. Wanaondoa mirija iliyokufa na kuvuta kipande cha utumbo mwembamba mpaka kwenye mlango wa ini, ili nyongo idondokee humo moja kwa moja. Ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60, matumaini ni makubwa zaidi. Kila wiki inayopita baada ya hapo inayapunguza. Wetu alikuwa amekwisha kuvuka siku hizo tulipofika Dar, na mpaka vipimo vikamilike na kitanda kipatikane alikuwa anakaribia miezi mitatu. Alifanyiwa hivyo hivyo. Choo kikawa cha njano kwa kipindi, mke wangu akanitumia picha nikiwa darasani, na sijawahi kufurahia picha ya namna ile. Kisha homa zikaanza. Njia ile mpya ya nyongo hupata maambukizi, na kila homa ilimaanisha kulazwa na dawa za mshipa. Choo kikaanza kupauka tena.

Alipofika miezi minane tumbo lilikuwa limejaa maji na bandama imevimba. Mikono ilikuwa myembamba. Hapa nina neno kwa wazazi wenzangu: mizani inadanganya. Uzito wa mtoto mwenye maji tumboni unaweza kupanda huku yeye mwenyewe anakonda. Mhudumu wa lishe alitufundisha kumpima mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi, na huo ndio uliotuambia ukweli. Akawekewa mpira wa puani ili usiku apate maziwa yenye mafuta maalumu, yale yanayoweza kuingia mwilini hata bila nyongo, pamoja na vitamini A, D, E na K, ambazo zote huhitaji nyongo ili zifyonzwe. Kuwashwa ndiko kulikotutesa zaidi. Mtoto anajikuna mpaka damu, halali, na ninyi hamlali. Tulimshonea soksi mikononi.

Daktari akatuita ofisini, akafunga mlango. Alisema ini hili halitafika mbali, na bila ini jingine watoto wengi wa hali hii hawavuki miaka miwili. Kupandikiza ini nchini hakukuwepo. Figo ndizo zilizokuwa zimeanza kupandikizwa Muhimbili, tangu 2017. Kwa ini, ilikuwa India.

Usiku huo na nyingi zilizofuata nilisoma kwenye simu. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa ini, huko Denver mwaka 1963 chini ya daktari Thomas Starzl, alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye ugonjwa huuhuu. Hakutoka salama chumba cha upasuaji. Ilichukua miaka mingi na dawa mpya kabla watoto hawajaanza kuishi. Mwaka 1989, Brisbane, Australia, mama mmoja kutoka Japani alimpa mwanawe kipande cha ini lake akiwa hai, mtoto akapona, na kuanzia hapo ikaonekana kwamba si lazima kungoja mtu afe. Na India yenyewe, mtoto wa kwanza kupandikizwa ini kwa mafanikio, Delhi mwaka 1998, alikuwa na biliari atresia na aliyempa kipande ni baba yake. Mtoto yule amekua, amekuwa daktari. Nilimsomea mke wangu habari hiyo saa nane usiku. Akasema, "Basi na wewe ukapime damu."

Mke wangu ni kundi B. Mtoto ni O, mimi ni O, kwa hiyo kati yetu wawili mimi ndiye niliyefaa kutoa. Kaka wa mke wangu alijitolea naye, lakini hospitali ya India ilitaka kuanza na mzazi. Tukatuma majibu ya damu, ya ultrasaundi, ya kipimo cha CT. Jibu lililorudi lilinifanya nicheke kwa hasira: ini langu lina mafuta mengi mno, halifai. Mimi sijaonja pombe maisha yangu yote. Nilidhani ini lenye mafuta ni la walevi. Kumbe chips, mandazi ya asubuhi, chai yenye vijiko vinne vya sukari, soda ya mchana na kukaa kitako kusahihisha madaftari vinatosha kabisa. Kipande chenye mafuta hakifanyi kazi vizuri kwa anayekipokea, na mtoaji naye anakuwa hatarini zaidi.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ini huondoka kwa kasi ambayo kitambi hakijui. Daktari wa lishe alinipa wiki kadhaa na masharti. Nikaacha sukari, ngano na vyote vilivyokaangwa. Nilikula samaki wa kuchoma, mboga, maharage, na kipande cha muhogo wa kuchemsha ambacho ningeweza kukifunika kwa kiganja. Alfajiri baada ya swala nilikuwa nakimbia barabara ya Raskazone, mwanzoni hadi nguzo ya tatu, halafu natembea. Ilikuwa ni miezi ya harusi. Nimekaa kwenye walima, sinia ya pilau inapita mbele yangu, nami natafuna tango. Nilivyokuwa nikipungua watu wakaanza kunong'ona, maana kwetu mwanamume akikonda ghafla watu hutafuta sababu moja tu. Mkuu wa shule aliniita akanishauri kwa upole kwamba siku hizi dawa zipo na mtu anaishi. Nilimshukuru kabla sijamweleza.

Kipimo cha pili kilipita.

Mzazi anayesoma hapa na mtoto wake bado yuko kwenye hatua za mwanzo, mwambie na mwenzako mpime damu na ini mjue sasa hivi. Hakuna haja ya kungoja mpaka daktari aseme neno kupandikiza. Kupunguza mafuta kunahitaji muda, na muda ndio kitu mtoto huyu hana.

Fedha. Bei tuliyopewa ilizidi dola 25,000, hapo hujaweka nauli, chumba, chakula na dawa za miezi ya mwanzo. Bima yetu ilikuwa haifiki nje ya nchi. Kiwanja cha Pongwe kiliuzwa kwa bei ya mwenye shida. Nikakopa kwenye SACCOS ya walimu mpaka kikomo. Sehemu iliyobaki tulichangiwa, na hapo nimejifunza jambo kuhusu sisi Watanzania ambalo nalisema bila kinyongo: kwa harusi tunachanga kwa kadi, kwa kikao, kwa kukumbushana kila wiki na bila kuona haya. Kwa msiba tunachanga kwa moyo. Kwa mgonjwa aliye hai tunachanga kwa mashaka. Watu wanajiuliza kama ni kweli, kama atapona, kama fedha itapotea. Kilichotusaidia ni karatasi. Kwenye kundi la WhatsApp niliweka makadirio ya hospitali yenye mhuri, na kila Ijumaa nikaweka kilichoingia, nani kwa ruhusa yake, na kilichotoka. Baada ya wiki ya tatu watu waliokuwa wakisoma tu kimyakimya wakaanza kutuma. Wanafunzi wa kidato cha nne walileta bahasha ya sarafu na noti za mia tano, sikuweza kuihesabu mbele yao.

Wazee walikuwa na swali la dini, na ni swali la haki. Kaka yangu mkubwa aliuliza kama mwili aliotukopesha Mwenyezi Mungu unagawika. Pia akaniambia, "Una mgonjwa mmoja, unataka tuwe na wawili?" Nilimpeleka kwa sheikh anayemwamini yeye, si wangu. Sheikh alitueleza kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 lilijadili upandikizaji na likauruhusu kwa masharti, makubwa yakiwa kwamba mtoaji asiangamie, atoe kwa hiari yake, na kiungo kisiuzwe. Kaka hakusema amekubali. Alisema, "Nitakushika mkoba uwanja wa ndege," na kwa kaka yangu hiyo ni sahihi ya wino.

Kabla ya safari daktari alihakikisha mtoto amepata chanjo ya surua mapema na wiki za kutosha zimepita. Chanjo za virusi hai, surua ikiwamo, kwa kawaida hazitolewi tena baada ya kupandikizwa kwa sababu dawa zinakuwa zimeushusha ulinzi wa mwili. Ni jambo dogo ambalo katika pilikapilika za pasipoti lingeweza kupita bila kuonekana.

Pilikapilika za hati zilikaribia kutushinda kuliko ugonjwa. India ina sheria ya mwaka 1994 inayozuia biashara ya viungo, na kwa sisi wageni wako makini. Lazima uthibitishe kwamba mtoaji ni ndugu wa anayepokea. Vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, cheti cha ndoa, vitambulisho, picha za familia za miaka ya nyuma, barua ya ubalozi wetu New Delhi. Jina la babu yangu lilikuwa na herufi h kwenye hati moja na halina kwenye nyingine. Herufi moja ilitupeleka mahakamani kwa hati ya kiapo, ikaturudisha RITA, ikamla hakimu muda wake. Zikagueni hati zenu zote mezani kwa pamoja, herufi kwa herufi, siku mnapoanza kufikiria safari.

Kule tukakaa mbele ya kamati, kamera inarekodi. Mke wangu alihojiwa peke yake, mimi peke yangu. Nani alikuomba utoe? Umelipwa? Unajua unaweza kufa? Ukibadilisha mawazo asubuhi ya upasuaji, unajua una haki hiyo? Daktari wa upasuaji alikuwa ameniambia waziwazi kwamba kwa kipande kinachotolewa kwa mtoto mdogo, hatari ya mtoaji kufa ni kama mmoja katika elfu. Nilijibu yote, nikasaini. Wapo wanaokereka na maswali yale. Mimi niliyapenda. Ni mahali pekee katika safari yote ambapo mtu aliniuliza mimi ninataka nini, na akangoja jibu.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi, nililala. Walinichukua mimi kwanza, mtoto akafuata chumba cha jirani. Hukatwa sehemu ya kushoto ya ini, karibu moja ya tano hadi robo, kwa kuwa ndiyo inayotosha tumboni mwa mtoto. Watu huniuliza kama kipande kimeota tena. Hakioti. Kilichobaki ndicho hutanuka, na ndani ya miezi michache ujazo unakaribia kuwa ule wa zamani. Maumivu ya kidonda yalivumilika. Kikohozi ndicho sikukiweza, nilijifunza kukumbatia mto kabla ya kukohoa. Ukitaka habari za siku ile muulize mke wangu, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu kabla ya jua kuchomoza, mume mlango huu na mtoto mlango ule, bila mtu wa kuongea naye Kiswahili isipokuwa familia moja kutoka Mombasa waliokuwa na mgonjwa wao. Wale watu wa Mombasa walimletea chai na mahamri. Hadi leo Idi haipiti bila kupigiana simu.

Siku za kwanza kinachoogopwa ni damu kuganda kwenye mshipa unaolisha ini jipya, maana kwa mtoto mshipa huo ni mwembamba mno. Walimpima kwa ultrasaundi kila siku wakisikiliza damu inavyopita. Nami nikawa nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kioo cha wodi yake. Weupe wa macho ulirudi upesi kuliko nilivyotarajia. Choo kikawa kahawia, muuguzi akamwita mke wangu aje aone, akapiga picha, na kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia likajadili kinyesi kwa takbira.

Baada ya wiki chache vimeng'enya vya ini vikapanda ghafla. Mwili ulikuwa umeanza kulikataa ini. Nilijiona kama nimetoa kitu kibovu, na hilo ni wazo la kipuuzi lakini watoaji wengi niliozungumza nao wamelipitia. Walimchoma dawa za kutuliza kinga kwa dozi kubwa siku kadhaa, ikatulia. Daktari alieleza kwamba hutokea kwa wengi na mara nyingi hutibika, mradi igunduliwe kwenye damu kabla mtoto hajaonyesha dalili. Ndiyo maana wanakukalisha huko miezi na hawakuruhusu uondoke mara tu kidonda kinapopona. Panga fedha za kukaa, si za upasuaji tu. Familia niliyoiona ikirudi kwao kwa huzuni haikushindwa upasuaji, ilishindwa kodi ya chumba.

Nyumbani watu walitupokea kwa ngoma na wakaamini mambo yamekwisha. Hapo ndipo sisi tulipoanza shule nyingine. Mtoto anakunywa takrolimasi, dawa inayouzuia mwili kulikataa ini, saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku ya maisha yake. Dawa hiyo ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, na ndiyo iliyowafanya watoto wengi wa aina yake wawe shuleni leo. Lakini kiwango chake kwenye damu kina njia nyembamba. Kikishuka, mwili unalikataa ini. Kikizidi, figo zinaumia na maambukizi yanaingia. Kwa hiyo damu inapimwa, na inatolewa asubuhi kabla hajameza dozi. Mhudumu wa maabara akikuambia mtoto ameze kwanza kisha aje, mkatalie kwa adabu. Kipimo chetu hufanyika Dar.

Balungi ni marufuku nyumbani kwetu. Tanga hii, balungi zinaanguka zenyewe, na moja tu linaweza kupandisha kiwango cha dawa hadi kikawa sumu. Nimemweleza bibi, nimewaeleza majirani, nimewaeleza walimu wa chekechea. Kubwa zaidi ni duka la dawa. Mtoto akikohoa, muuzaji mwema atakupa erithromaisini bila cheti, nayo hupandisha takrolimasi vivyo hivyo. Dawa ya fangasi kama flukonazoli, vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaishusha chini kabisa. Dawa za mitishamba hakuna ajuaye zitafanya nini, na nimelazimika kumkatalia mama yangu mzazi kikombe alichokichemsha kwa mapenzi. Tumeandika orodha, ipo mlangoni kwa kabati, nakala moja iko shuleni. Hata kubadilisha kampuni inayotengeneza takrolimasi hatufanyi bila kumpigia daktari na kupima damu upya, ingawa muuzaji ataapa kwamba ni dawa ileile.

Homa kwake si ya kungoja asubuhi. Tunapima malaria, ndiyo, lakini hata ikionekana tunauliza kuna nini kingine. Mtoto wa jirani akipata tetekuwanga tunapiga simu siku hiyohiyo, hata kama wetu hana kipele. Chandarua, maji yaliyochemshwa, mikono. Zaidi ya hayo tunamwacha acheze, na hili limekuwa gumu kwa mke wangu kuliko kwangu. Watu wanapenda kumwita mgonjwa. Mama mmoja alimtoa mwanawe kwenye bembea asiambukizwe. Tulimweleza, akaelewa, au walau akanyamaza.

Nami kovu langu linawasha mvua zikija. Sukari sijairudia kwa kiwango kile, ingawa siwezi kuapa kuhusu chips za Ijumaa.

Wazazi hunipigia kupitia watu wanaonijua, na mara nyingi swali lao la kwanza ni bei. Nawaambia tutafika huko, kwanza nipigie picha ya nepi kwenye mwanga wa mchana, si wa taa. Wengi, ashukuriwe Mungu, ni njano safi na hatuna cha kuzungumza zaidi. Waliotuma ile nyingine nimewaambia wasingoje Jumatatu.

Binti yetu ameongezeka uzito tangu kipimo cha mwisho, kwa hiyo dozi yake haimtoshi tena. Wiki ijayo tunapanda basi kwenda Dar kutoa damu, na mkuu wa shule, yuleyule, amekwisha kunisainia ruhusa.